Zawadi za sikukuu: orodha inarefuka, mshahara uko palepale

Maswali ya zawadi mwaka huu yameanza kuingia mapema, kabla hata wauzaji wa soko la Makoroboi, hapa Mwanza, hawajatundika magauni ya Krismasi. Ni dalili njema. Anayeuliza mwezi wa kumi bado anaweza kuchagua. Anayeuliza tarehe 20 Desemba kwa kawaida ameshakopa. Tumechukua maswali saba. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu nusu ya barua zilizotufikia zinauliza jambo hilohilo kwa maneno mengine.

*

Ndugu wahariri, habari za kazi. Ninaishi Nyakato na mume wangu na watoto wetu watatu. Kwetu tumezaliwa saba, sita wana wenza, na kila Krismasi tunakutana kwa mama huko Magu. Kila nyumba huleta zawadi kwa kila mtu mzima na kwa watoto wote, ambao sasa ni 19. Mwaka jana mshahara wa Desemba uliishia hapo, Januari nikaanza kukopa hela ya madaftari. Nikisema nimepunguza, kaka zangu watasema mjini kumenifanya mchoyo. Nifanyeje?
*Mama wa Watatu, Nyakato*

Dada, kwanza tupige hesabu, maana huenda hata kaka zako hawajawahi kuipiga. Ukiondoa wewe na mumeo, wamebaki ndugu na wenza 11, mama mmoja, na watoto 16 wasio wako. Hizo ni zawadi 28 kutoka nyumba moja. Kila moja ikigharimu 10,000 tu, umeshatoa 280,000 kabla ya nauli na kabla ya kilo moja ya mchele. Na kila nyumba ya kwenu inabeba mzigo unaokaribia huo. Kwa hiyo tatizo si bei ya zawadi, ni idadi yake. Ukishusha kila zawadi hadi 7,000 utakuwa umenunua vitu 28 visivyompendeza mtu, na bado umetumia 196,000.

Dawa yake ni kura ya majina kwa watu wazima: kila mtu anamnunulia mtu mmoja, basi. Nyumba yako inatoka kwenye zawadi 11 za watu wazima na kubaki na mbili, yako na ya mumeo.

Usilipeleke wazo hili kwenye grupu la WhatsApp la ukoo kwanza. Litajibiwa kwa vikaragosi vya kucheka, na atakayenyamaza ndiye atakayelalamika Desemba. Anza na mama, ana kwa ana au kwa simu ya sauti. Mwambie utaratibu, na umwombe yeye ndiye autangaze. Mama akishasema "mwaka huu nataka hivi", neno uchoyo halina pa kukaa. Halafu mpigie kaka mkubwa kabla wengine hawajasikia. Akisikia mwisho atapinga hata kama anakubali. Usianze na "sina hela". Ukisema huna, mmoja atakuonea huruma, mwingine atasema atakusaidia, na mambo yatabaki vilevile. Sema hivi: "Shikamoo kaka. Mama anapendekeza tuokote majina mwaka huu, kila mtu amnunulie mmoja, ili Januari watoto wote waende shule na kila kitu. Wewe unaonaje kiwango kiwe shilingi ngapi?" Ukimwachia yeye kutaja kiwango, utaratibu umekuwa wake.

Kura yenyewe ndipo wengi wanapoharibu. Wanaweka vikaratasi kwenye bakuli, kila mtu anaokota. Mnapokuwa watu 13, uwezekano wa angalau mmoja kuokota jina lake mwenyewe ni zaidi ya nusu, mnarudia, mnarudia tena, watoto wanachungulia, siri inakwisha. Tena nusu yenu mko mbali. Fanyeni mduara. Mtu asiye wa ukoo, jirani au rafiki wa mama, anaandika majina 13, anakunja, anachanganya, kisha anafungua moja moja na kuyapanga mezani kwa mstari. Wa kwanza anamnunulia wa pili, wa pili anamnunulia wa tatu, hadi wa mwisho anayemnunulia wa kwanza. Hakuna anayeweza kujipata. Mume na mke wakikaa jirani, mmoja anasogezwa nafasi mbili mbele. Akimaliza anapiga picha mstari ule na kumtumia kila mtu ujumbe wenye jina moja tu. Picha anabaki nayo: itawakumbusha watakaosahau, na mwakani itawazuia kurudia jozi zilezile.

Kiwango kiwe na dari na sakafu. Wengi wanataja dari tu, "isizidi 15,000", halafu mmoja analeta sabuni ya mche na mwenzake anapokea shuka. Semeni kati ya 12,000 na 15,000. Wekeni na tarehe, 20 Desemba, na kanuni kwamba asiyekuja hutuma. Bado kuna atakayeshindwa, ndivyo ukoo ulivyo. Kwa hiyo mama awe na zawadi moja ya akiba isiyo na jina, chupa ya chai au taulo, imechangwa na wote.

Mama haingii kwenye kura. Nyumba saba zikitoa 10,000 kila moja ni 70,000, na hiyo inanunua kitu ambacho mmoja peke yake asingeweza: godoro jipya, au pipa la maji lenye bomba. Kaka mwenye uwezo anayeona 15,000 ni aibu kwake, mwelekezeni hapo kwa mama, au alipie mbuzi. Msimzuie kutoa, mzuieni tu asipandishe kiwango cha wengine.

Watoto ndio wagumu. Kila nyumba ikinunulia wake, kutakuwa na baiskeli karibu na puto, na mtoto wa puto atalia mbele ya wote. Mpeni mtu mmoja hela ya wote 19 akanunue kitu kilekile kwa bei ya jumla. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, lakini sare, viatu na madaftari vimebaki mzigo wa mzazi, na shule zinafunguliwa wiki mbili tatu tu baada ya Krismasi. Dazeni za madaftari zikinunuliwa pamoja, kila mtoto akapata manne na kalamu, kila nyumba imepunguziwa safari moja ya dukani. Ila daftari peke yake si zawadi, na mtoto anajua. Ongezeni kitu cha kuchezea cha pamoja, mpira mmoja mzuri wa miguu na kamba ndefu ya kuruka, watacheza hadi mwaka mpya.

Hesabu yako mpya, kiwango kikiwa 15,000: kura mbili 30,000, mchango wa mama 10,000, wa zawadi ya akiba na mpira 5,000, madaftari ya watoto wako watatu kwa bei ya jumla. Linganisha na ile 280,000.

*

Nina watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, kati ya miaka 5 na 9. Kwetu mtoto asipovaa kipya Krismasi ni aibu kwa mzazi. Nitapunguzaje?
*Baba wa Wanne, Igoma*

Nunua kitenge kimoja cha pamba cha yadi 6 washonewe wote. Gauni la mikono mifupi la msichana wa miaka 6 hula kama yadi moja na nusu, shati la mvulana wa miaka 8 yadi moja na robo. Jumla yadi 5 na nusu. Nusu iliyobaki inatoa vilemba viwili vya wasichana. Chagua maua madogo yanayokaa pande zote. Kitenge chenye picha kubwa, au maua yanayotazama upande mmoja, kinamlazimu fundi akate vipande vyote kwa mwelekeo mmoja, na hapo yadi 6 hazitoshi.

Kabla hujakipeleka kwa fundi, kiloweke kwenye maji baridi usiku mzima, kianike kivulini, kipige pasi. Pamba hunywea ikifuliwa mara ya kwanza, na ni afadhali inywee ikiwa kitambaa kuliko ikiwa gauni. Mwambie fundi aache upindo wa inchi 2 chini na nusu inchi ya ziada ubavuni. Upindo huo ukishushwa mwakani, nguo inavaliwa tena. Vifungo na zipu nunua mwenyewe, na uulize mapema kama bitana imo kwenye bei ya kushona.

Linaloharibu mpango huu ni tarehe. Desemba mafundi hupokea vitambaa kuliko wanavyoweza kushona, na cha mtu asiyekuja kuuliza ndicho kinachosukumwa chini ya meza. Peleka kabla ya tarehe 15 Novemba, lipa nusu, weka siku ya kuchukua iwe 5 Desemba. Hiyo inakuachia karibu wiki tatu za kurekebisha shingo iliyobana.

Ukipendelea mitumba, nenda soko la Mlango Mmoja na umuulize muuzaji siku anayofungua belo. Asubuhi ya siku hiyo unachagua vizuri lakini bei iko juu. Kadiri siku zinavyosogea bei inashuka na kilichobaki kinapungua ubora. Kwa nguo za watoto, siku ya pili mara nyingi ndiyo yenye nafuu. Geuza nguo ndani nje, tazama kwapa, kola na magoti kwenye mwanga wa jua wala si chini ya turubai, maana kivuli chake huficha madoa. Fungua na ufunge zipu mara tatu.

Viatu visiwe vya sikukuu. Nunua vyeusi vya shule sasa, avivae Krismasi na kuingia navyo darasani Januari. Mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole kimoja.

*

Kuna mikopo ya kwenye simu. Nikikopa kidogo Desemba nikalipa Januari, kuna ubaya?
*Kijana, Mkolani*

Kwa zawadi, ndiyo, upo. Mkopo wa siku 30 uliochukuliwa Desemba 20 unaiva Januari 19, wiki ileile ya sare na kodi ya nyumba. Mikopo ya mtaani ya kausha damu ni mibaya zaidi kwa sababu rejesho linaanza kesho yake, wakati zawadi hata haijafunguliwa. Kama huna, toa mkono mtupu na uende mapema ukasaidie kuchinja na kuchota maji. Nyumba yenye wageni 30 inahitaji mikono.

*

Shikamooni. Nipo Nansio, Ukerewe. Ndugu zangu wako Dodoma na Dar es Salaam. Nataka niache zawadi za dukani niwapelekee dagaa na samaki, maana huko ni ghali na wanavipenda. Nifanyeje visiharibike njiani?
*Mama Mdogo, Nansio*

Marahaba. Umewaza vizuri, mama, hakuna duka la Dodoma litakalokushinda hapo. Lakini Desemba ni mwezi wenye mitego miwili kwa dagaa.

Wa kwanza ni mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haziwavuti, wavuvi wengi hawaingii ziwani na bei inapanda. Tazama kalenda na ununue siku za giza, hata kama ni wiki nne kabla ya sikukuu.

Wa pili ni mvua za vuli. Dagaa walionyeshewa wakiwa kwenye uanikaji hugeuka rangi, wanakuwa kama kutu, na mafuta yao yanachacha. Dagaa mzuri anang'aa fedha, ukimkunja anakatika kwa mlio, na kichwa hakijaachana na mwili. Anayepinda bila kukatika bado ana maji ndani.

Halafu mchanga. Walioanikwa juu ya kichanja au wavu ulioinuliwa ni ghali kidogo kuliko walioanikwa chini, lakini usiamini maneno ya muuzaji. Omba bakuli la maji, tia konzi moja ya dagaa, koroga, subiri kidogo, kisha watoe polepole. Chini ya bakuli patakuambia ukweli. Unapolipia kilo, mchanga nao unapimwa.

Ukishanunua, waanike tena kwa muda wa saa tatu au nne kwenye jua kali, kisha waache wapoe kabisa kivulini kabla ya kufunga. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanafunga dagaa wakiwa bado na joto la jua, mvuke unabanwa ndani, na wanafika Dodoma wameota ukungu. Funga kilo mbili mbili kwenye mifuko ya karatasi, panga ndani ya ndoo ya plastiki yenye kifuniko, ziba ukingo kwa gundi ya karatasi. Ndoo yenyewe ni zawadi, itabaki kwa wifi.

Samaki wa kukaanga usitume mbali, hachukui safari. Sangara wa kubanikwa anachukua iwapo amekauka hadi ndani na amepoa. Bonyeza sehemu nene ya mgongo, ikibonyea bado. Kayabo, yule wa chumvi, ndiye mvumilivu kuliko wote, ila waandikie wapokeaji wamloweke usiku kucha na kubadili maji mara mbili, la sivyo watasema mama mdogo ametutumia chumvi.

Tuma kabla ya tarehe 15 Desemba. Baada ya hapo mabasi ya Mwanza yanajaa mizigo ya abiria wenyewe na kifurushi chako kinaweza kulala stendi. Andika jina na namba ya simu ya mpokeaji mara mbili, kwenye kifuniko na kwenye karatasi iliyo ndani, chukua stakabadhi, na umtumie mpokeaji picha yake pamoja na namba ya basi. Pendekezo letu: ndoo moja kwa kila mji, wenyewe wagawane. Ndoo tano kwa watu watano zitakula kwenye usafirishaji kile ulichookoa.

*

Kikoba chetu kinavunjwa mwanzoni mwa Desemba. Kila mwaka hela inaisha bila kujua imekwenda wapi.
*Mwanakikoba, Kirumba*

Mwezi wa kumi mwombe katibu akuonyeshe daftari lako: hisa ulizonunua, na mkopo uliobaki. Mkopo hukatwa kwanza, na wengi wanaopanga zawadi kwa kutazama hisa peke yake hushangaa siku ya mgao. Kinachobaki kigawe kwenye bahasha palepale kwenye kikao, kabla hujafika nyumbani: shule, kodi, chakula cha sikukuu, mtaji, na mwisho zawadi. Kwa maoni yetu zawadi isizidi moja ya kumi. Ukipata 400,000, zawadi ni 40,000, na bahasha hiyo ikiisha imeisha.

Mkicheza na mchezo wa kijumbe, omba zamu ya Novemba. Watu kumi wakitoa 20,000 kwa mwezi, mtu anapokea 200,000 mara moja; aliyepokea Machi tayari ameshaila, na Desemba bado anadaiwa 20,000 zake.

*

Tuko Sengerema. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ndugu wa Mwanza wanakuja wengi, hawasubiri tena kivuko. Zawadi tumepunguza, sasa chakula kinatumaliza.
*Mwenye Nyumba, Sengerema*

Zawadi yao iwe chakula, na kila nyumba itajiwe kitu kwa jina na kwa kiasi. Ukisema "mje na chochote" utapata mikate kumi na moja. Mbuzi wa kilo 25 akiwa hai anatoa nyama na mifupa kama kilo 12. Ukikata gramu 300 kwa mtu, wanakula watu 40. Mchele, kilo moja kwa watu 7. Soda za chupa za kioo, kreti ni 24. Mpe mtoto mmoja mkubwa kazi ya kuhesabu chupa tupu na umlipe kwa kila kreti iliyotimia, kwa sababu chupa zilizopotea utazilipia wewe wakati wageni wameshavuka daraja.

*

Mume wangu ni Mwislamu, mimi Mkristo. Tunanunua zawadi Krismasi, halafu Idi, halafu Idi ya kuchinja. Tupunguze ipi bila kuumiza upande mmoja?
*Mama Mchanganyiko, Pasiansi*

Msipunguze moja, tengenezeni mfuko mmoja wa mwaka na kuugawa sawa, kisha kila upande ujue fungu lake. Mkiweka 15,000 kila mwezi ni 180,000 kwa mwaka, yaani 60,000 kwa kila sikukuu. Kwenye Idi, mkono wa Idi wa watoto wa mtaa ndio unaovuja bila kuonekana. Chukua sarafu 20 za 500 benki au kwa wakala wiki moja kabla, ziweke kwenye kikombe karibu na mlango. Zikiisha, anayekuja anapata tende au andazi.

Jambo moja la kalenda: Idi el-Fitri hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Miaka hii iko Machi, kwa hiyo mna miezi miwili ya kupumua baada ya Krismasi. Ifikapo 2031 itakuwa Januari yenyewe, na mwaka 2033 itakuja mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena siku chache kabla ya Krismasi. Fungu la Idi mlilozoea kuliweka kuanzia Januari, anzeni kulisogeza mwezi mmoja nyuma tangu sasa.